Tangi tupu ndilo la kuogopwa: ndege inavyokingwa isilipuke na mafuta yake

Muulize fundi wa kuchomelea pale Changamwe, Mombasa, ni pipa gani hataki kulisogezea moto: lililojaa dizeli, au lililomwagwa jana likabaki na harufu. Atakujibu la harufu. Mafuta yakiwa majimaji hayawaki. Kinachowaka ni mvuke wake ukishakutana na hewa kwa kiasi fulani, na pipa lililojaa pomoni halina nafasi ya mkutano huo. Ndiyo maana fundi mzoefu hulijaza maji pipa tupu hadi karibu na pale anapotaka kuunga, ndipo ashike mashine.

Ndege nyingi za abiria zinazoruka kutoka Uwanja wa Moi, pale Port Reitz, zina pipa la namna hiyo tumboni. Huitwa tangi la katikati, nalo liko kwenye maungio ya mabawa mawili, chini ya sakafu wanayokanyaga abiria. Katika safari fupi huwa halina mafuta, ila yale machache yaliyosalia chini ambayo pampu haikuyafikia. Msafiri mwenye hofu huogopa wingi wa mafuta: tani kadhaa za kitu kinachowaka, na yeye amekalia juu yake. Lakini milipuko mitatu iliyowafanya wataalamu wabadili mawazo, Manila, New York na Bangkok, yote ilianzia kwenye tangi la katikati ambalo lilikuwa karibu tupu.

Nyuzi joto 38

Jet A-1, mafuta yanayotumiwa na ndege za jeti na hata zile za injini za panga zinazobeba abiria, ni ndugu wa mafuta ya taa. Yote mawili hutoka tabaka moja la mafuta ghafi. Tofauti iko kwenye masharti: ya ndege hupimwa tena na tena kila yanapohamishwa, yasiwe na maji wala uchafu, na hayaruhusiwi kuganda mpaka baridi ifike nyuzi 47 chini ya sifuri. Meli huyashusha Kipevu, mengine yakapanda Nairobi kwa bomba la Kenya Pipeline, mengine yakabaki kwa ndege za hapa pwani.

Sharti linalotuhusu ni moja. Jet A-1 haitakiwi kutoa mvuke wa kutosha kuwaka kabla haijafika nyuzi joto 38. Hicho ni kiwango cha chini kinachokubaliwa, na shehena nyingi hupita hapo kwa nyuzi kadhaa. Petroli iko mbali kabisa, kwani hutoa mvuke unaowaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Ukisikia hivyo utadhani tangi la petroli la matatu ndilo litakalolipuka kwanza. Kumbe kwa joto letu mvuke wa petroli hujaa mno ndani ya tangi hadi hewa iliyobaki haitoshi kuuwasha. Mafuta ya ndege ndiyo huangukia pabaya. Yakiwa baridi, mvuke ni haba na hakuna neno. Yakipashwa kidogo tu, mvuke unaingia kwenye kiwango cha hatari, ambacho ni baina ya asilimia 0.6 na 5 hivi ya hewa iliyo ndani ya tangi.

Sasa weka hesabu hiyo Mombasa. Februari na Machi, kaskazi ikiwa ukingoni na upepo umekufa, kivulini hufika nyuzi 32 au 33, na lami ya kuegeshea ndege iliyopigwa na jua tangu asubuhi inapita hapo kwa mbali. Tangi la ndege iliyosimama pale haliko mbali na 38 hata kabla hujawasha chochote.

Halafu kuna suala la mwinuko, ambalo wengi hulisahau. Kadiri ndege inavyopanda, hewa ya nje inapungua kani, na mafuta hupata wepesi wa kugeuka mvuke. Kile kiwango cha 38 hushuka kama nyuzi 2 kwa kila mita 1,000. Uwanja wetu uko mita 61 tu juu ya bahari, kwa hiyo hapa hakibadiliki. Pale Embakasi, kwenye mita zaidi ya 1,600, mafuta yale yale yanafikia hatari nyuzi 3 au 4 mapema zaidi, ingawa baridi ya Nairobi inasaidia kurekebisha mizani. Mashaka makubwa yako kwenye dakika za kwanza baada ya kuruka: ndege inapanda haraka, kiwango kinashuka, na mafuta bado yana joto la uwanjani kwa sababu hayajapata muda wa kupoa. Baadaye, kule juu kabisa ambako nje ni nyuzi 50 chini ya sifuri, matangi ya mabawani hupoa na hatari hufifia.

Tangi la katikati halipoi hivyo. Tangi la bawani limezungukwa na upepo juu na chini, lakini la katikati limefichwa ndani ya mwili wa ndege. Na kwenye Boeing 737 na 747, chini yake ndiko walikoweka mitambo ya kupoza hewa ya abiria. Mitambo hiyo hupokea hewa ya moto sana kutoka kwenye injini, au kutoka kwenye ile injini ndogo ya mkiani ndege ikiwa imesimama, kisha huipoza kabla ya kuipeleka kwenye chumba cha abiria. Joto linalotolewa kwenye hewa hiyo lazima liende mahali, na sehemu yake hupanda kwenye sakafu ya tangi. Ndege ikichelewa kuondoka mchana wa jua, abiria wakijipepea kwa kadi za maelekezo ya usalama, rubani huwasha upoozaji kwa nguvu zote ili wapate ahueni. Kila dakika ya ahueni ile inalipasha tangi lililo chini yao.

Kwa nini basi tangi lisijazwe mafuta, likawa kama pipa lililojaa? Kwa sababu uzito haubebwi bila sababu, na kwa sababu mabawa yana haki ya kwanza. Boeing 737-800 ina nafasi ya lita 26,000 hivi: lita 4,900 kasoro kidogo kila bawa, na zaidi ya lita 16,000 katikati. Mabawa hujazwa kwanza, maana mafuta yaliyo bawani huliwekea bawa uzito wake lisipindwe sana juu na hewa inayolibeba. Safari ya Mombasa hadi Nairobi, kama kilomita 420 kwa njia ya anga, inaenea ndani ya mabawa na akiba inabaki. Kwa hiyo lile tangi kubwa kuliko yote linasafiri na harufu.

New York, Julai 1996

Tarehe 17 Julai 1996, Boeing 747 ya shirika la TWA, safari namba 800, ilikuwa inatoka New York kwenda Paris. Ilikuwa imefika kutoka Athens siku hiyo hiyo. Iliondoka kwa kuchelewa zaidi ya saa nzima, na mitambo ya kupoza hewa ilikuwa imefanya kazi chini ya tangi la katikati kwa takriban saa mbili na nusu. Mafuta ya kufika Paris yalitosha mabawani. Ndani ya tangi la katikati, lenye nafasi ya karibu lita 49,000, mlikuwa na lita 190 hivi.

Dakika 12 baada ya kuruka, ikiwa futi 13,800 juu ya bahari karibu na pwani ya Long Island, ndege ilipasuka. Watu 230 walikufa wote.

NTSB, bodi inayochunguza ajali za usafiri Marekani, ilichukua miaka minne. Walizamia baharini wakaokota zaidi ya asilimia 95 ya ndege, wakaiunga upya kipande kwa kipande ndani ya jengo kubwa la ndege huko Calverton. Walikodi 747 nyingine, wakairusha kwa mpangilio ule ule, na kupima joto ndani ya tangi. Kwenye futi 13,800 walikuta kati ya nyuzi 38 na 53 kutegemea kona ya tangi, na kwa mwinuko ule mvuke huanza kuwaka kwenye nyuzi 36 hivi. Maana yake tangi zima lilikuwa tayari, likisubiri cheche tu.

Cheche yenyewe haikupatikana. Ripoti ya Agosti 2000 inasema haikuwezekana kuithibitisha kwa yakini, lakini katika vyanzo vyote vilivyopimwa, kinachoelekea zaidi ni waya. Ndani ya tangi kuna vipimo vinavyomwonyesha rubani kiasi cha mafuta, na nyaya zake hubeba umeme mdogo kupindukia, usioweza kuwasha kitu. Nje ya tangi nyaya hizo zilikuwa zimefungwa kwenye mafungu pamoja na nyaya za umeme mkubwa. Ndege ilikuwa na umri wa miaka 25. Ganda la waya hukauka, hupasuka, huchunwa na vipande vya chuma vilivyoachwa na mafundi, hudondokewa na maji. Waya wa umeme mkubwa ukigusana na ule mdogo, umeme unaingia tangini kwa njia iliyojengwa kwa ajili ya kipimo. Na haihitajiki nguvu ya ajabu: milijuli 0.2, kiasi kidogo kuliko kile kinachokurusha mkono unapogusa mlango wa gari siku ya ukavu.

Wapo mpaka leo wanaoshikilia kwamba ndege ile ilitunguliwa. Watu kadhaa walioikodolea macho kutoka ufukweni walisema waliona mwanga ukipanda angani. Sisi wa Mombasa hatuna haja ya kufundishwa kwamba makombora dhidi ya ndege za abiria yapo. Tarehe 28 Novemba 2002, siku moja na shambulio la hoteli ya Kikambala, makombora mawili yalirushwa kuilenga Boeing 757 ya shirika la Arkia iliyokuwa imetoka tu hapo Uwanja wa Moi. Yalipita pembeni, ndege ikafika Tel Aviv salama. Kwa hiyo sioni ajabu mtu kushuku. Lakini kwenye mabaki ya TWA, FBI walitafuta kwa miezi 16 wakitaka kabisa kupata mhalifu, na hawakupata. Kombora huacha chuma kilichotobolewa kutoka nje kwenda ndani. Kuta za tangi lile zilisukumwa kutoka ndani.

Ambacho kingepaswa kuwaudhi watu zaidi ya kombora ni kwamba onyo lilikuwa limeshatolewa. Tarehe 11 Mei 1990, miaka sita kabla, Boeing 737-300 ya Philippine Airlines ilikuwa inasukumwa nyuma kutoka langoni Manila, kukiwa na joto, ndipo tangi lake la katikati likalipuka. Watu 8 walikufa. Ndege ilikuwa mpya, haina hata mwaka mmoja, kwa hiyo huwezi kusingizia uzee. Ilichukuliwa kama tukio la pekee. Na hata baada ya New York, tarehe 3 Machi 2001, 737-400 ya Thai Airways ililipuka Bangkok ikiwa imeegeshwa, kabla abiria hawajaanza kupanda, ikamuua mhudumu mmoja. Waziri Mkuu Thaksin Shinawatra alikuwa miongoni mwa waliotarajiwa kusafiri nayo. Tena mitambo ya kupoza ilikuwa inazunguka, tena tangi tupu, na pampu za tangi hilo zilikuwa zimewashwa. Pampu za mafuta hulainishwa na kupozwa na mafuta yenyewe. Zikizunguka kwenye tangi kavu hupata moto.

Kuwinda cheche

Kwa muda mrefu wahandisi waliliweka swali hivi: mvuke tutaukuta daima, basi tuhakikishe hakuna kitakachouwasha. Walifika huko kwa radi. Tarehe 8 Desemba 1963 Boeing 707 ya Pan Am, safari namba 214, ilipigwa na radi karibu na mji wa Elkton, Maryland, tangi la bawani likawaka, watu 81 wakafa. Tangu hapo ndege zimefungwa vile vijiti vyembamba unavyoviona vimechomoza nyuma ya ncha za mabawa, vya kumwaga umeme tuli hewani. Matundu ya kupumulia ya matangi yakatiwa vizuizi vya moto, bati la juu ya matangi likawekwa nene kiasi cha kutotobolewa na radi, vifuniko vikatengenezwa visirushe cheche ndani. Ndege ya abiria hupigwa na radi kama mara moja kwa mwaka, na abiria wengi hawajui hata ikitokea. Hilo limefanikiwa, na tulipe sifa yake.

Kwenye kujaza mafuta pia kuna uangalifu ambao msafiri anaweza kuuona dirishani. Kabla mpira haujaunganishwa, mjazaji hutoa waya kwenye gari lake na kuubana kwenye chuma cha ndege. Mafuta yakipita kwa kasi kwenye bomba, na hasa kwenye chujio, huzalisha umeme tuli. Waya ule husawazisha umeme wa gari na wa ndege ili usiruke hewani kutafuta njia. Ndani ya Jet A-1 yenyewe hutiwa dawa kidogo ya kuyasaidia yapitishe umeme, maana bila hiyo chaji hukaa ndani ya mafuta muda mrefu hata baada ya kuingia tangini. Waya mmoja wa kubana na matone ya dawa, basi. Ni kinga rahisi kuliko zote katika habari hii na sijui kwa nini haitajwi kamwe.

Baada ya TWA, FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, iliwaamuru watengenezaji mwaka 2001 waichunguze upya kila ndege yao: kila waya, kila pampu, kila kiungio, waseme kama kuna njia yoyote ya cheche au joto kuingia tangini. Wakachunguza. Wakapata njia ambazo hakuna aliyekuwa amezifikiria, kwenye ndege ambazo zilikuwa na vyeti halali na zimeruka miongo kadhaa. Marekebisho yakafanywa: swichi za kuzima pampu zenyewe tangi likikauka, nyaya za vipimo kutenganishwa na nyaya nyingine, vivunja umeme vinavyokata haraka kwenye hitilafu ndogo.

Hapo ndipo mimi naona fundi wa Changamwe aliwatangulia. Yeye hakai akahesabu cheche. Anajua mashine yake ni cheche tupu, kwa hiyo anashughulika na kilichomo ndani ya pipa. Ukiwaorodheshea wahandisi vyanzo mia vya moto kwenye ndege, ndege ikizeeka itakuletea cha mia na moja.

Kuondoa hewa

Moto unataka mafuta, joto na oksijeni. Oksijeni ya hewa ya kawaida ni asilimia 21. Ukiipunguza ya kutosha ndani ya tangi, mvuke hauwaki hata ukiwashiwa cheche.

Wanajeshi walijua hili zamani. Wasovieti, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, walielekeza moshi wa injini uliopozwa ndani ya matangi ya baadhi ya ndege zao za vita. Wamarekani walibeba nitrojeni ya kimiminika, gesi isiyosaidia moto kuwaka, kwenye ndege ya mizigo ya kijeshi C-5 na kwenye ile ndege ya upelelezi SR-71. Matangi ya baadhi ya C-130, nazo za mizigo ya kijeshi, yalijazwa sponji ambayo inaruhusu mafuta kupita lakini haiuachi moto kukimbia. Hizo zote zilikuwa nzito au ghali, na ndege ya kiraia haipigwi risasi, kwa hiyo mashirika ya ndege yakasema haiwahusu. NTSB walipopendekeza jambo hilo Desemba 1996, kamati mbili za wadau, moja mwaka 1998 na nyingine 2001, zilipiga hesabu na kukata kauli kwamba gharama haiendani na faida.

Kilichowatoa kwenye mkwamo ni wahandisi wa kituo cha utafiti cha FAA huko New Jersey waliouliza swali ambalo lilistahili kuulizwa mapema: je, ni lazima tushuke hadi asilimia 9 ya oksijeni, kama wanajeshi wanaotarajia risasi? Walijaribu, wakakuta kwamba kwa cheche za kawaida za ndege ya abiria asilimia 12 inatosha kwenye usawa wa bahari, na juu zaidi hata oksijeni nyingi kuliko hiyo haileti madhara. Tofauti ya 9 na 12 inaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwenye ndege ilipunguza ukubwa wa mtambo kiasi cha kuweza kubebwa.

Mtambo wenyewe haubebi nitrojeni. Unaitengeneza kutokana na hewa. Huchukua hewa ya injini, ukaipoza, ukaichuja, kisha ukaipitisha ndani ya silinda iliyosheheni maelfu ya nyuzi za plastiki zilizo wazi katikati. Oksijeni hupenya kuta za nyuzi hizo kwa haraka kuliko nitrojeni, ikatupwa nje ya ndege. Kinachotokea upande wa pili ni hewa iliyokosa oksijeni, nayo hutiririshwa kwenye tangi la katikati muda wote wa safari. Hakuna kinachozunguka ndani ya silinda ile, wala cheche ya kuogopa.

Pagumu ni wakati wa kushuka. Tangi lina tundu la kupumulia, maana lisipokuwa nalo lingebonyea. Ndege inapoteremka kuja Mombasa, hewa nzito ya chini huingia kwa tundu hilo na oksijeni yake. Kwa hiyo mtambo huongeza mtiririko ndege ikianza kushuka, ukishindana na hewa inayoingia, ili tangi liguse ardhi likiwa bado chini ya 12. Hilo ndilo la maana, kwa kuwa saa inayofuata ndiyo ya hatari: kuegeshwa juani, kupoza chumba, kisha kupanda tena haraka.

Kwenye 737 rubani hana taa wala kipimo cha mtambo huu mbele yake. Hali yake huonekana kwenye shimo la magurudumu, ambako kuna taa tatu ndogo: kijani ukifanya kazi, buluu ukiwa umedhoofika, na ya rangi ya kaharabu ukiwa umekufa. Anayeziona ni fundi anayeinama chini ya tumbo la ndege kati ya safari na safari. Ukifa, ndege inaruhusiwa kuendelea kuruka kwa siku chache hadi utengenezwe, kwa hoja kwamba ni kinga ya pili na ile kazi ya kuzuia cheche bado ipo. Hoja hiyo naikubali shingo upande. Mafundi nao wamepata hatari mpya kazini: tangi lenye nitrojeni halina harufu wala rangi ya kuonya, na anayeingia ndani kabla halijapigwa hewa safi huzimia bila kujua kimempata nini.

Nani kafunga, nani hajafunga

Amri ya FAA ilitoka Julai 2008, miaka 12 baada ya TWA. Haikutaja nitrojeni kwa jina. Ilisema tangi la katikati kwenye ndege za abiria lisiwe katika hali ya kuwaka kwa zaidi ya asilimia 3 ya muda wake wa kazi, na mtengenezaji achague njia. Ndege zilizokuwa tayari zinaruka Marekani zikapewa hadi mwisho wa 2017. Ulaya walidai mtambo kwenye ndege mpya zinazotoka kiwandani, wakaziacha za zamani zizeeke bila huo. Kwa hiyo 737 au A320 iliyotengenezwa miaka ya 2010 na kuendelea, tarajia unao. Iliyotengenezwa kabla, inategemea ilikosafiri na nani aliyeimiliki.

Si kila ndege inauhitaji. Zile Dash 8 za panga zinazokuja hapa mara kwa mara hubeba mafuta yote mabawani, na mabawa yenyewe yako juu ya mwili wa ndege, yakipigwa upepo. Mambo yamegeuka upande wa pili kwenye Boeing 787. Bawa lake si la alumini bali la nyuzi za kaboni, ambazo hazipitishi joto kwa wepesi, kwa hiyo hata tangi la bawani halipoi kama lilivyozoea. Boeing waliamua nitrojeni iende kwenye matangi yote.

Na kuna tundu moja kwenye sheria ambalo limeniudhi tangu nilisome. Ndege za mizigo zilizokuwa tayari zinaruka hazikulazimishwa kufungwa mtambo, kwa hesabu kwamba zina watu wachache ndani. Miaka miwili kabla ya amri, tarehe 4 Mei 2006, Boeing 727 ya mizigo ya shirika la Transmile ililipuka tangi la bawa la kushoto ikiwa ardhini Bangalore, India. Hakufa mtu. Wachunguzi walikuta nyaya za pampu, zilizopitishwa kwenye bomba la alumini ndani ya tangi, zimesuguana na bomba hilo hadi ganda likaisha, umeme ukatoboa bomba na kuingia kwenye mvuke. Ndege ya abiria inapozeeka hugeuzwa ya mizigo, nyaya zake zikiwa na miaka 20 na kitu, na huegeshwa kwenye lami ile ile inayoegeshwa ndege za abiria, hatua chache kutoka kwa gari la mafuta na watu wanaopanda ngazi.